Pipa Linadanganya: niliyoongea na manahodha wa Pangani kuhusu mashine inayochoka ukiifungua resi yote

Asalaam aleikum wazee wangu, kaka zangu, wadogo zangu mliokaa kule nyuma juu ya nyavu, na mama zangu nyie mnaosubiri samaki nawaona, msijifiche, maana mashine nyingi zilizopo ufukweni hapa zimenunuliwa na hela za kina mama na mkitaka tutajane tutajane. (Watu wakacheka.) Mwenyekiti kanipa nusu saa, kaniambia fundi leo ongea na watu, nikamuuliza niongee nini, akasema si hilo hilo kila mtu analia nalo, mashine ya boti inawaka vizuri, sailensa, yaani ikizunguka polepole bila resi, imetulia, mtoni inakwenda, ukifika pale mlangoni, mto unapoingia baharini, ukafungua resi yote inakohoa, inamisi, inashuka, boti inabaki inajiburuza tu na wimbi la kusi hilo linakuja. Na mashine zenyewe ni hizi zetu za zamani za kufunga nyuma ya boti, tustroki, yaani za mipigo miwili, za nguvu ya farasi arobaini, ambazo nyingine zina umri kuliko utingo anayeziendesha.

Naanza na kosa langu mwenyewe, kabla hamjanisema nyie.

Kuna nahodha mmoja wa ng'ambo pale Bweni, jina naliacha, aliniletea mashine yake ya arobaini ikiwa na ugonjwa huu huu. Nikaifunga kwenye pipa, nikajaza maji, nikaiwasha, ikaunguruma vizuri kabisa. Nikapiga resi ikapanda. Nikamwambia kaka mashine yako nzima, ni plagi tu. Akanunua plagi. Siku mbili karudi, bado. Nikafungua kabureta nikaisafisha, bado. Nikaisafisha tena, bado. Mara ya tatu nikasema basi hii itakuwa ni CDI, ile boksi ya umeme, na bei yake mnaijua, yule bwana akauza mbuzi wawili akaenda Tanga mjini akainunua, tukaifunga, pipani ikaunguruma kama simba. Akavuka nayo. Jioni akanipigia simu, hakutukana, alisema tu "fundi, bado", akakata. Mie usiku ule sikulala vizuri, manake mtu akikutukana unapata pa kushika, akinyamaza huna.

Kesho yake nikamwambia twende wote baharini, nikae ndani ya boti niione mwenyewe. Tukatoka, mtoni safi, tumepita mlangoni akafungua yote, dakika moja, mbili, ikaanza. Inashuka kama mtu anaminya koo. Mie nimeinama kwenye kava naangalia waya, naangalia koili, na kale katoto ka utingo kamekaa karibu na tanki hakana kazi, kakawa kanaminyaminya ile pampu ya mkono ya kwenye mpira wa petroli, kwa kuboreka tu. Mashine ikaruka. Ikapanda resi yote. Katoto kakaacha kuminya, ikashuka. Nikakaambia minya tena. Ikapanda. Wallahi nilitaka kujitosa majini kwa aibu.

Tatizo lilikuwa mpira. Mpira wa petroli, ule wa futi kadhaa tu unaotoka kwenye tanki kuja kwenye mashine. Tulipofika nikaupasua kwa wembe kwa urefu, ndani kile kitambaa laini cha ukuta wa ndani kimebanduka kimekuwa kama ulimi. Mashine ikivuta petroli kidogo ulimi unakaa pembeni, ikivuta nyingi ulimi unavutwa unaziba njia. Na kwa nje mpira mzuri, mweusi, unang'aa. Na ile pampu ya mkono ilikuwa ngumu muda wote, ndo iliyonidanganya, mie nilikuwa naiminya ufukweni naikuta ngumu nasema petroli ipo. Kumbe ngumu kwa sababu kilichoziba kiko mbele yake, petroli haiendi!

Hela ya mbuzi wawili wale sikuirudisha yote kwa mkupuo, ila tuligawana hasara, na leo ni rafiki yangu na yuko hapa, simtazami.

Sasa kwanini nawaambia haya. Kwa sababu nyie mafundi na manahodha wote tunafanya kosa moja, tunaipima mashine kwenye pipa. Pipa linadanganya. Kwenye pipa mashine haina mzigo, haisukumi boti, haisukumi samaki, barafu na watu sita, inazunguka tu maji kwenye bati. Mashine ya arobaini tustroki ikiwa sailensa inakunywa kama lita moja au mbili hivi kwa saa, hata mpira uliobanduka unapitisha hizo. Hiyo hiyo ukiifungua resi yote baharini inataka lita 15 mpaka 20 kwa saa, yaani kama mara kumi hivi, hapo ndo kila kitundu kilichobanwa kinajitokeza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki kitanda chenyewe kiko nje ya mlango, hakiko kwenye pipa langu.

Kwahiyo kipimo cha kwanza hakina hela. Watu wawili kwenye boti, mmoja anashika usukani, macho mbele, kamba ya kuzimia mashine imefungwa mkononi na life jacket amevaa, msinichekee hapo nimeshaona mtu anaangukia karibu na pangaboi. Mwingine anakaa na pampu ya mkono. Mnafungua yote, mnasubiri mpaka ugonjwa uje. Ukija tu, yule wa pili anaishika ile pampu, asiminye kwanza, aishike tu aisikie. Ikiwa imebonyea, imenywea bapa kama embe lililonyonywa, basi petroli haiji kutoka nyuma, tatizo liko tanki au mpira wa kati ya tanki na pampu. Ikiwa ngumu, tatizo liko mbele, kama la kwangu. Ikiwa laini tu legelege, haijabonyea wala haijajaa, hapo mara nyingi inavuta upepo mahali. Halafu sasa aminye. Mashine ikipanda, asante Mungu, umeme wako mzima, pistoni zako nzima kwa kiasi chake, unahangaika na njia ya petroli tu na njia yote ile ya nje haifiki bei ya CDI moja. Mashine isipobadilika hata kidogo ndo twende kwingine.

Na kama una jirani mwenye tanki na mpira unaofanya kazi, mwazime kwa dakika kumi. Mashine ikitibika kwa tanki la jirani, umeshajua. Najua hapa kwetu kuazima tanki ni kama kuazima mke (watu wakacheka sana hapa, mwenyekiti akapiga meza) lakini dakika kumi tu jamani.

Haya tuanze tanki, twende kwa mwendo wa petroli yenyewe, kutoka tanki mpaka plagi, msiruke.

Kwenye kifuniko cha tanki kuna skurubu ndogo ya kupumulia. Ufunge ile ukiwa umebeba tanki, ufungue ukiwa unaendesha. Ikisahaulika imefungwa, mashine inavuta petroli na hakuna upepo wa kujaza nafasi yake, tanki la plastiki utaliona linaingia tumbo, mwisho mashine inazimika. Ukisimama unahangaika na plagi robo saa, kumbe muda huo upepo umeshapenya kidogo kidogo, unawasha inakwenda tena, unasema ah plagi ilikuwa chafu. Hamna. Nimeona watu wananunua plagi mpya kwa ajili ya skurubu hii. Na wengine skurubu wamefungua lakini chumvi na mchanga vimeziba, kwahiyo usitazame tu, puliza.

Ndani ya tanki kuna bomba linaloshuka chini lina chujio mwishoni. Wengi wetu tunatia petroli kwa madumu, madumu yamebeba mafuta ya kupikia wiki iliyopita, yamebeba maji, yamekaa na kifuniko cha mfuko wa nailoni, mnajua wenyewe. Uchafu unaonyonywa pale chini unaziba chujio, na chini ya tanki maji yanakaa, manake maji ni mazito kuliko petroli. Tanki likiwa limetulia maji yako chini hayana neno, ukifika kwenye wimbi likatikisika yanavutwa, mashine inamisi, unasema kusi. Mimina petroli yako kwenye chupa ya plastiki nyeupe, iache itulie, tazama chini. Ukiona kitu kinatembea kama zebaki, ni maji hayo.

Viungio vya mpira, vile vya kuchomeka, ndani vina kimpira cha duara, kidogo kama pete ya mtoto. Kikikauka kinavuta upepo. Petroli haivuji hata tone kwa nje kwa sababu pale njia inavuta haisukumi, ndo maana mtu anaapa mpira wangu hauvuji. Hauvuji lakini unavuta! Njia nzuri ni kuweka kipande cha mpira wa kioo, ule mweupe unaoonyesha ndani, karibu na mashine kwa muda wa kupima. Ukiona mapovu yanapita mfululizo, rudi nyuma kaza kiungio kimoja kimoja na badilisha vipete. Na klipu jamani, waya wa kufungia nyavu sio klipu, unakata mpira.

Ile pampu ya mkono yenyewe ina mshale, mshale utazame mashine. Unacheka wewe, lakini nimeshaitoa imefungwa kinyume na mwenye boti alikuwa ana miaka kumi baharini. Ndani ina vali mbili, zikichoka haijai. Nunua ya maana, zipo za bei rahisi kwenye maduka zinazolainika baada ya miezi michache, hizo sitaki hata kuzigusa.

Sasa tumefika kwenye mashine. Ubavuni kuna pampu ya petroli, haina injini yake, inafanya kazi kwa pumzi inayotoka chini ya pistoni, ikipanda inavuta ikishuka inasukuma, na kinachotembea ni daiframu, kijiwambo chembamba. Kikiwa na tundu dogo hata la sindano, kwa sailensa kinatosha, kwa resi kubwa hakitoshi. Dalili yake ni ile ile, ukiminya kwa mkono mashine inapona. Hivyo ukishabadilisha tanki na mpira na bado inapona kwa kuminya tu, fungua pampu, daiframu unaishika juu kwenye mwanga unaitazama. Rahisi.

Halafu kabureta. Hapa nataka kusema na mafundi wenzangu, hamsafishi kabureta, mnaiogesha. Mtu anapuliza nje na petroli, anafuta kwa kitambaa, anafunga. Ndani kuna jeti, vile vijichuma vyenye kitundu cha kupitishia petroli, jeti ya sailensa na jeti kubwa, ni vitu viwili tofauti, jeti kubwa ndo inayolisha ukifungua yote, na petroli iliyokaa miezi mitatu kwenye mashine iliyolala inaacha gundi ya kahawia ndani ya kitundu kile. Toa jeti, itazame kwenye jua, utaona mwanga au hutauona. Usichokonoe kwa waya wa chuma, utaipanua, tumia uzi laini wa nailoni na upepo wa kompresa. Na kabureta zikiwa mbili, zote mbili, sio unafungua moja iliyo karibu na mkono.

Hapa naomba ninyamaze kidogo, mnisikilize kwa makini zaidi kuliko hapo nyuma.

Mashine hizi zetu za tustroki hazina oili yake pembeni kama gari. Oili yote ya kulainisha pistoni, ringi na bearing inakuja ndani ya petroli. Kwahiyo mashine ikinyimwa petroli kwa resi kubwa, imenyimwa na oili wakati huo huo, na moto umezidi kwa sababu mchanganyiko umekuwa mkavu, upepo mwingi petroli kidogo. Ndo wakati inapochanika, pistoni inayeyuka upande mmoja, inanoki, yaani inakwama ndani. Sasa tunachofanya sisi mashine ikianza kukohoa, si tunazidisha resi? Tunaikaba, tunasema ikipata moto itafunguka. Unaiua kwa mkono wako. Ikianza ugonjwa huo punguza mpaka nusu, rudi pwani taratibu, au aminye mtu pampu mkarudi. Mashine ngapi zimeletwa kwangu zimenoki, nafungua nakuta pistoni imekwaruzwa, mwenyewe anasema ilikuwa inamisi kama mwezi hivi lakini ilikuwa inaenda. Mwezi! Mpira wa petroli mpya na pistoni mpya, nyie mnajua hesabu.

Na kuna mwingine akisikia hivi ataongeza oili. Oili ya tustroki kwa mashine nyingi za umri huu ni moja kwa hamsini, lita moja ya petroli mililita 20, dumu la lita 20 ni mililita 400, tanki la lita 24 karibu nusu lita kasoro kidogo, ila tazama kilichoandikwa kwenye kitabu au kava la mashine yako kwanza. Ukizidisha oili, ndani ya tone lile lile linalopita kwenye jeti petroli imepungua, unaikausha zaidi, na unachafua plagi juu yake. Ukipunguza ndo usiseme. Pima kwa chupa yenye alama, acha mambo ya "kamimina kidogo".

Umeme nitapita haraka, sio kwamba hauharibiki, unaharibika, ila watu wanauanzia wakati ungekuwa wa pili. Dalili ya umeme ni kwamba ukiminya pampu hakuna kinachobadilika, na mara nyingi inakata ghafla kama mtu anazima swichi na kuwasha, tofauti na petroli ambayo inashuka polepole kama pumzi inaisha. Chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kuna koili za kuchaji, mashine nyingi za zamani zina ya resi ndogo na ya resi kubwa, ya resi kubwa ikifa unapata mashine nzuri sana mpaka nusu, baada ya hapo basi. Ukiwa na taa ya taiming, ile ya kubana kwenye waya wa plagi, banisha waya mmoja, fungua resi baharini, tazama mmweko. Ukikatika katika pamoja na mashine kukohoa, umeupata. Banisha wa pili. Mtu asikudanganye kuchomoa kofia ya plagi mashine ikiwa inaenda, zile CDI hazipendi waya ukining'inia bila kugusa bodi, unaweza kuiua iliyokuwa nzima, na ikikupiga baharini ukaangukia pembeni ndo hayo.

Usiye na taa, soma plagi. Endesha resi yote dakika mbili tatu mahali salama, zima hapo hapo bila kushusha sailensa, chomoa plagi uzitazame. Rangi ya kahawia kama biskuti, nzuri. Nyeupe kama chaki, silinda hiyo inakula kavu, turudi petroli. Nyeusi imelowa, silinda hiyo haiwaki vizuri, hapo tazama umeme wake. Moja nyeupe na nyingine kahawia, tatizo ni la silinda moja, usihangaike na tanki linalolisha zote.

Kuna na kitu watu hawakitazami kabisa, ni ile fimbo inayounganisha resi na bamba la koili. Kwa mashine nyingi za zamani ukisokota resi inafungua kabureta na papo hapo inazungusha bamba kuwahisha moto wa plagi. Kiungio cha plastiki pale kikivunjika kabureta inafunguka lakini moto hauwahi, mashine inakuwa nzito ajabu. Au kebo imelegea, wewe umesokota mpaka mwisho, kipepeo cha kabureta, kile kibamba kinachofungua njia, kimefunguka robo tatu. Zima mashine, toa kava, mtu asokote mpaka mwisho, wewe tazama. Dakika moja tu hiyo.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kipimo chake kinapatikana kwa mafundi, ni cha kusokota kwenye tundu la plagi na kuvuta kamba. Namba yenyewe inategemea mashine, nachotazama mie ni tofauti, silinda mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10 au 15 hapo hakuna plagi wala kabureta itakayotibu, ni kufungua kichwa. Basi.

Sasa nije kwenye kesi ambayo hata sio ugonjwa wa mashine. Mtu ananiambia fundi mashine haina nguvu, namuuliza inalia vipi, ananijibu inalia sanaa lakini boti haiendi. Mashine inayolia sana na boti haiendi, hiyo mashine ni nzima! Inazungusha kitu kisichoshika. Ndani ya pangaboi kuna mpira ulioshindiliwa kati ya shafti na mapanga, upo kwa ajili ukigonga jiwe uteleze usivunje gia. Ukichoka unateleza hata bila jiwe, ukienda taratibu unashika, ukifungua yote unateleza. Chukua rangi, chora mstari mmoja kutoka katikati kwenye kitovu mpaka nje kwenye pangaboi, nenda baharini fungua yote, rudi, nyanyua. Mstari ukikatika ukapishana, mpira umekwisha. Hela ya rangi ya kucha. (Mama mmoja akasema "nitakupa mie".)

Na kama pangaboi ni zima lakini mashine inalia ghafla kwenye kila wimbi, inavuta upepo wa juu ya maji. Lile bamba bapa lililo juu ya pangaboi linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti au chini kidogo. Mashine ya shafti fupi ni ya ubao wa nyuma wa inchi 15, ndefu ni inchi 20. Sisi tunanunua mtumba, tunapata fupi, boti yetu ya nyuma iko juu, tunaibandika hivyo hivyo. Kwenye mto inaenda, kwenye wimbi inakaa hewani.

Na upande wa pili mashine hailii, imebanwa, haipandi hata ukiifungua yote, na petroli nzima umeme mzima. Tazama mzigo. Boti ya mbao ikikaa sana majini inakunywa maji inakuwa nzito, chini imeota chaza na majani, tumbo lote la boti limekuwa kama mwamba, nawe unauliza mashine. Au umefunga pangaboi la kujipinda sana, ulilopewa na mtu wa boti ya fiba nyepesi. Kwa kawaida inchi moja ya mpindo inabadilisha mzunguko kama 150 mpaka 200 kwa dakika, na hizi arobaini zinatakiwa zifike mahali kati ya 4500 na 5500 zikiwa zimefunguliwa yote na mzigo wake wa kila siku. Isipofika inajikaza, inatengeneza moto na masizi. Kuna vipima mzunguko vidogo vya kuzungushia waya wa plagi tu, nunueni kimoja chama kizima mkitumie kwa zamu, mwenyekiti andika hilo.

Nimemaliza yangu, maswali.

(Mzee mmoja wa nyuma akauliza: mashine yangu ikikata nikiizima dakika kumi inarudi vizuri, halafu inakata tena, ni nini hiyo?)

Shikamoo mzee. Swali lako ndo zuri kuliko yote ya leo, kwa sababu yapo magonjwa mawili yanayofanana hapo. Moja ni ile skurubu ya tanki niliyoisema, ukizima upepo unaingia taratibu, inapona. La pili ni koili au CDI inayokata ikipata moto, ukizima inapoa, inapona. Zote dakika kumi! Ndo maana usizime ukakaa, mzee. Ikikata tu, hapo hapo kabla haijapoa, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia fyuuu na mashine ikarudi mara moja, ni pumzi ya tanki. Usiposikia kitu na haikurudi mpaka ipoe, ni umeme. Na tazama pia kama inakojoa maji ya kupoozea vizuri wakati huo, impela, ile inayosukuma maji hayo, ikichoka mashine nzima inachemka, hapo hata pistoni zinavimba zinabana, na hiyo usiiwashe tena mpaka uwe pwani.

(Mama aliyeongea mwanzo akauliza: fundi wetu anataka hela ya kabureta mpya, nimpe?)

Mama yangu, muulize swali moja tu, umeona nini. Akikwambia jeti imeziba nimeitoa nimeitazama, au kipepeo kimekatika, mpe. Akikwambia nahisi, muulize umepanda boti? Kama hajapanda boti asikuchukulie hela, hata kama huyo fundi ni mie.

(Kelele nyingi hapa, sikusikia maswali mengine mawili.)

Haya kaka yangu wa Bweni, wewe hapo nawe umenyoosha mkono. Unasema nini? Boti yako ya pili nayo imeanza? Sawa, kalete tanki lako na mpira wako vyote viwili, na wewe dogo wa utingo uje, wewe ndo wa kukaa na pampu. Maji yanajaa bado, tunapita mlangoni bila kugusa mchanga. Nani mwingine anataka kuona? Watu wanne tu, zaidi ya hapo tutapima uzito sio mashine.